Godzilla: dubwana la mpira lililobeba msiba wa kweli

Juzi nilichekwa ofisini. Kisa chenyewe kidogo tu. Kazi ilikuwa imeisha, watu wanasubiri foleni ya magari ipungue, maongezi yakahamia kwenye sinema. Kila mmoja akawa anataja filamu ya vita iliyomgusa kuliko zote. Zikatajwa za Vietnam, za Wanazi, za mauaji ya Rwanda. Zamu yangu ilipofika nikasema: "Godzilla." Kimya. Halafu kicheko. Kaka mmoja wa dawati la michezo akanishika bega akaniambia, "Mdogo wangu, hapa tunaongelea filamu za vita, si za kenge."

Nilijitetea, lakini mtu anayejitetea huku wenzake wanacheka huwa hashindi. Nikawaahidi kwamba nitaandika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, makala haya ni deni ninalolipa. Na kwa kuwa deni ni la watu wabishi, sitaficha udhaifu wa filamu hizi. Ni mwingi, na mwingine unaniuma mimi binafsi.

Kwanza nikiri: na mimi nilianza kwa kucheka.

Nilikulia Temeke, na mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha video. Mabati, mabenchi, luninga moja juu ya kabati na pazia zito jeusi mlangoni. Kiingilio shilingi mia. Jamaa wa kipaza sauti alikuwa anatutafsiria, ingawa leo najua nusu ya aliyoyasema alikuwa anayatunga mwenyewe. Godzilla alimwita Babu Kenge. "Babu Kenge kakasirika! Babu Kenge hajalipwa pensheni yake!" Filamu ile, nilikuja kugundua baadaye, ilikuwa Godzilla vs. Megalon ya mwaka 1973. Kuna sehemu Godzilla anateleza juu ya mkia wake, miguu mbele, uwanja mzima, kama mtu aliyekaa kwenye gari lisiloonekana, mpaka anamkita adui yake miguu kifuani. Kisha anarudia tena! Kibanda kizima kilisimama kushangilia. Na hata kwa umri ule tulijua kabisa kwamba ndani ya lile vazi kuna mtu. Hatukujali.

Miaka ikapita. Nikiwa chuo nasomea uandishi wa habari, mtu akanipa ile ya kwanza kabisa: ya mwaka 1954, nyeusi na nyeupe, kwa Kijapani, tafsiri imeandikwa chini. Nikakaa mkao wa kucheka. Sikucheka. Katikati ya filamu, Tokyo inaungua, kuna mama amejikunja barabarani amewakumbatia watoto wake. Hakimbii. Anawaambia kwamba muda si mrefu wataungana na baba yao. Basi. Kamera inaondoka. Filamu haisemi baba huyo alifia wapi, kwa sababu Mjapani wa mwaka 1954 hakuhitaji kuambiwa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta historia yake.

Turudi nyuma. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za Marekani aina ya B-29 ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto. Watu wapatao laki moja walikufa kwa usiku mmoja. Agosti mwaka huohuo ikafuata Hiroshima tarehe 6, na Nagasaki tarehe 9. Japani ikasalimu amri, ikakaliwa na majeshi ya Marekani na washirika wake hadi Aprili 1952. Katika miaka ya mwanzo ya kukaliwa huko, habari na picha za madhara ya bomu la atomiki zilidhibitiwa vikali. Fikiria hilo. Watu wamepigwa, wamezika, na bado hawaruhusiwi kusimulia walivyopigwa.

Halafu ikaja tarehe 1 Machi 1954. Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililopewa jina la Castle Bravo. Nguvu yake ilifikia megatani 15, mara elfu moja hivi ya bomu la Hiroshima, na zaidi ya mara mbili ya ile waliyoitarajia wanasayansi wenyewe waliolitengeneza. Nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari kulikuwa na meli ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, yaani Joka la Bahati Namba 5. (Jina la bahati!) Wavuvi 23 waliokuwemo waliona mwanga kama jua linachomoza upande wa magharibi, na baadaye majivu meupe yakawanyeshea. Walirudi bandari ya Yaizu wakiwa wagonjwa. Tarehe 16 Machi gazeti la Yomiuri likaifichua habari hiyo, na nchi nzima ikataharuki. Samaki aina ya jodari wakawa wanapimwa mionzi sokoni, na waliogundulika kuwa nayo wakatupwa. Tarehe 23 Septemba fundi wa redio wa meli ile, Aikichi Kuboyama, akafariki dunia. Vuguvugu la kupinga mabomu ya nyuklia, lililopata nguvu kubwa kutoka kwa akina mama wa wilaya ya Suginami jijini Tokyo, lilikusanya sahihi zaidi ya milioni 30 kufikia Agosti 1955.

Sasa weka tarehe hizo kichwani, halafu nikuambie: Godzilla ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 3 Novemba 1954. Wiki sita tu baada ya Kuboyama kufa. Na filamu inaanzaje? Meli ndogo baharini, mabaharia wamepumzika wanapiga muziki, ghafla mwanga mkali, meli inawaka moto na kuzama. Nani ndani ya ukumbi ule hakuelewa?

Aliyetoa wazo ni mtayarishaji wa kampuni ya Toho, Tomoyuki Tanaka. Inasimuliwa kwamba alikuwa anarudi kutoka Indonesia kwa ndege, mradi wa filamu aliokuwa aufanye na Waindonesia umekufa, na anatakiwa kupata kingine haraka. Akatazama bahari chini yake, akajiuliza: je, kama mabomu yale yameamsha kitu huko chini? Jina la Kijapani, Gojira, ni maneno mawili yaliyounganishwa: gorira, yaani sokwe, na kujira, yaani nyangumi. Mwongozaji akawa Ishirō Honda, mtu aliyepelekwa jeshini na kukaa miaka mingi China, na ambaye mwaka 1946, akiwa njiani kurudi nyumbani, alipita Hiroshima akayaona magofu kwa macho yake. Honda alieleza baadaye kwamba nia yake ilikuwa kuifanya mionzi ionekane. Mionzi haina rangi wala harufu. Yeye akaipa miguu na mkia.

Hii ndiyo hoja yangu ya kwanza kwa wabishi wa ofisini. Dubwana la filamu ile si mnyama. Ni bomu linalotembea. Halina hasira na mtu, halina kisasi, halimtafuti mtu fulani. Linapita tu, na linapopita mji unageuka jivu, na siku ya pili hospitali zimejaa na mtoto anapimwa kwa kifaa cha mionzi, daktari anatikisa kichwa.

Tuje kwenye ule mpira sasa, maana ndiyo unaochekwa sana.

Bwana aliyehusika na mazingaombwe ya kamera ni Eiji Tsuburaya. Huyu aliipenda mno King Kong ya Marekani ya mwaka 1933, ambayo sokwe wake alikuwa kinyago kinachosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Njia hiyo inataka muda na fedha, na Toho hawakuwa na muda. Basi Tsuburaya akaamua kumvika mtu vazi. Vazi la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi. Jaribu kubeba mifuko miwili ya simenti, halafu utembee chini ya taa kali za studio! Kijana aliyelivaa zaidi, Haruo Nakajima, alikwenda bustani ya wanyama kutazama jinsi wanyama wakubwa wanavyokanyaga. Alikuwa akitoka ndani ya vazi lile jasho linamwagwa kwa kikombe. Alimwigiza Godzilla hadi mwaka 1972, na alifariki mwaka 2017.

Tokyo waliyoibomoa ilikuwa ya mbao na plasta, majengo yakiwa na ukubwa wa moja ya ishirini na tano ya ule halisi. Ujanja ulikuwa kwenye kamera. Waliiendesha kwa kasi kuliko kawaida, ili picha ikionyeshwa kwa kasi ya kawaida kila kitu kiende taratibu. Ukuta mdogo ukianguka unaonekana mzito kama ghorofa la kweli. Na ule mngurumo? Si wa mnyama yeyote. Mtunzi wa muziki, Akira Ifukube, alichukua fidla kubwa ya besi, nyuzi zikalegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo, kisha sauti ikachezewa kasi. Mpaka leo, kila atengenezaye Godzilla anaanzia kwenye sauti ile.

Watu hutaja mpira kana kwamba ni kasoro tu. Mimi nadhani sehemu ya mvuto iko hapohapo. Ukitazama filamu za leo za kompyuta, mji unabomoka na hausikii kitu, kwa sababu hakuna kilichobomoka. Katika filamu za Tsuburaya kila nguzo ya umeme iliyoanguka ilijengwa na fundi kwa mikono yake, ikaanguka kweli, mara moja. Tulipokuwa kibandani, nafikiri ndicho tulichokuwa tunakifurahia bila kujua: mtu mzima kavaa mavazi, anavunja vitu, na vitu vinavunjika.

Lakini nilisema sitaficha udhaifu. Hata hii ya 1954 inao. Mwanasayansi mzee Dk. Yamane (aliyemwigiza ni Takashi Shimura, mwaka huohuo alikuwa kiongozi wa samurai katika Seven Samurai ya Kurosawa) anasimama mbele ya bunge kwa heshima zote na kueleza kwamba zama za Jurasi zilikuwa miaka milioni mbili iliyopita. Milioni mbili! Zilikwisha miaka milioni 145 iliyopita. Mapenzi ya vijana wawili wa filamu hiyo hayana chumvi, na binti wa Yamane, Emiko, kazi yake kubwa ni kulia na kutoa siri ya mtu. Kwa wanawake, filamu hizi kwa miaka mingi zilikuwa na nafasi chache: kupiga kelele, kutafsiri, kulia.

Hata hivyo, siri anayoitoa Emiko ndiyo moyo wa filamu. Dk. Serizawa, mwenye jicho moja kutokana na vita, amegundua silaha inayoweza kuua kila kiumbe majini. Anajua akiitumia dhidi ya Godzilla, wanasiasa wataitaka. Anaitumia mara moja, anachoma karatasi zake zote, halafu anabaki chini ya bahari afe na ujuzi wake. Niambie ni filamu ngapi za vita zinazomuuliza mwanasayansi swali hilo kwa uzito namna hii.

Na sasa nifike mahali panaponigusa kama mwandishi wa habari.

Katika filamu ya Kijapani kuna tukio bungeni. Mbunge mmoja anataka habari ya kwamba dubwana limeamshwa na mabomu ya haidrojeni isitangazwe, eti itavuruga uhusiano na mataifa na kuleta hofu. Wanawake waliomo humo wanasimama kumpinga: ukweli ni ukweli, utangazwe. Wanagombana mpaka kikao kinageuka vurugu. Halafu usiku Godzilla akiingia mjini, kuna watangazaji juu ya mnara wa televisheni. Dubwana linakuja moja kwa moja kwao. Hawashuki. Mmoja anaendelea kutangaza mpaka dakika ya mwisho, anawaaga watazamaji, na mnara unaanguka. Kila nikitazama tukio hilo nawaza zile semina zetu za maadili ya kazi...

Filamu hiyo ilipelekwa Marekani mwaka 1956. Lakini haikupelekwa kama ilivyo. Ilikatwa kutoka dakika 96 hadi 80 hivi, ikahaririwa upya, na ikapigwa picha mpya za mwigizaji Raymond Burr akiwa mwandishi wa habari wa Kimarekani aitwaye Steve Martin. Walitumia waigizaji wenye asili ya Asia, wengine wakionyeshwa mgongo tu, ili ionekane kwamba Burr anazungumza na wale wa filamu ya asili. Abiria wa treni wanaozungumzia jodari wenye mionzi, na dada mmoja anayekumbuka alivyoponea Nagasaki, wakaondolewa. Mwishoni Yamane wa Kijapani anaonya kwamba majaribio ya nyuklia yakiendelea, Godzilla mwingine anaweza kutokea. Toleo la Marekani linafunga kwa Burr kutuambia kwamba tishio limekwisha na dunia inaweza kuishi tena.

Tuwe wa haki: hawakufuta kila kitu. Bomu la haidrojeni bado linatajwa, magofu na majeruhi bado wanaonekana, na Burr mwenyewe aliigiza kwa heshima, hakufanya mzaha. Tena bila toleo lile huenda dunia isingemjua Godzilla kabisa. Lakini tazama kilichofanyika. Watu walioungua walikuwa wanajisimulia wenyewe, kwa lugha yao, wakiwa na waandishi wao wanaofia juu ya mnara. Akachomekwa mgeni mmoja katikati ya msiba, amesimama dirishani na kiko mdomoni, akatueleza tunachokiona. Wenyewe wakawa mandhari. Marekani walisubiri hadi mwaka 2004 ndipo filamu kamili ya Kijapani ikapelekwa katika kumbi za kawaida za sinema.

Wewe unayesoma habari za Afrika kwenye vyombo vya kimataifa, huyo Steve Martin hujawahi kumwona? Mimi nimemwona. Nimewahi hata kumbebea begi na kumtafsiria, na jina langu halikuwa kwenye habari ilipotoka. Nilipojua historia ya toleo la 1956, nilielewa kwa nini ilinikera kiasi kile.

Tuendelee. Baada ya 1954 kilifuata nini? Kwa kifupi, dubwana lilizoeleka. Filamu ya kwanza ilitazamwa na watu karibu milioni 9.6 Japani. King Kong vs. Godzilla ya 1962 ikapita milioni 11, na kuanzia hapo mambo yakageuka mzaha. Mzaha wa 1962 ni wa makusudi na mzuri: bosi mmoja wa kampuni ya dawa anatafuta dubwana kwa ajili ya matangazo ya televisheni! Lakini mwaka 1964, katika Ghidorah, madubwana wanakaa kikao na Godzilla anakataa kuwasaidia binadamu kwa sababu wamekuwa wakimwonea. (Kuna pacha wawili wadogo wanaotafsiri lugha ya madubwana. Nilipoiona hiyo nilimkumbuka yule jamaa yetu wa kibandani.) Mwaka 1965 Godzilla anacheza ngoma kwenye sayari nyingine. Mwaka 1967 anapata mtoto. Aliyekuwa kifo cha Tokyo akawa mlinzi wa Tokyo.

Sababu zipo. Uchumi wa Japani ulipanda, maumivu ya vita yakasogea mbali, na televisheni ikawaweka watu nyumbani. Waliobaki kwenda sinema kutazama madubwana walikuwa watoto, na mwaka 1966 hata watoto wakapata lao bure nyumbani, Ultraman, la kampuni ya Tsuburaya huyohuyo. Kampuni ya Daiei nayo ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1965 na kobe anayeruka aitwaye Gamera. Bajeti zikapungua. Filamu ya 1969, All Monsters Attack, mapigano yake mengi yamechukuliwa kutoka filamu za nyuma. Tsuburaya alifariki Januari 1970. Mwaka 1975, Terror of Mechagodzilla, aliyorudi kuiongoza Honda, haikufikisha hata watazamaji milioni moja, na Toho wakafunga duka hadi mwaka 1984.

Ukizitazama hizo za miaka ya 1970 utaona nyaya, utaona vifaru vya kuchezea, utaona mji uleule ukiungua mara tatu katika filamu tatu. Sina utetezi. Ila hata humo kuna vitu. Hedorah ya 1971 ina dubwana la uchafu, linalovuta moshi wa viwandani kama mtu avutavyo kiko, na ilitoka wakati miji ya Japani kweli ilikuwa inakohoa. Na ile ya 1969 inayochekwa kuliko zote ni habari ya mtoto ambaye wazazi wake wote wako kazini, anaonewa na wenzake, na rafiki zake wa pekee ni madubwana anaowaota. Sisi tuliokuwa tunarudi shule tukakuta nyumba imefungwa, tukaenda kibanda cha video, tunaweza kweli kumcheka mtoto yule?

Sasa udhaifu unaoniuma. Mothra ya 1961 na King Kong vs. Godzilla ya 1962 zina wenyeji wa visiwa vya Pasifiki. Wanaowaigiza ni Wajapani waliopakwa rangi nyeusi, wanaruka, wanapiga ngoma, wanaabudu dubwana. Katika ile ya 1962 wanahongwa redio na sigara, na mtoto naye anapewa sigara. Nilipoitazama mara ya kwanza nilizima. Hawa ni watu walioteseka kwa kudharauliwa rangi yao na Wazungu, na wao walipopata kamera, wakafanya hivi.

Kinachouma zaidi ni kwamba Mothra ina nia njema. Kisiwa chake kimechomwa na majaribio ya nyuklia ya taifa la kubuni, na filamu inawahurumia wenyeji. Lakini wenyeji wa kweli, watu wa kisiwa cha Rongelap waliomwagikiwa na majivu yaleyale ya Bravo, hawakupata sinema yao. Walipata rangi usoni kwa Mjapani.

Na kuna ukimya. Godzilla ya 1954 inalia kwa ajili ya Tokyo. Haisemi neno juu ya Nanjing, wala Korea, wala Manila. Honda alikuwa China kama mwanajeshi wa taifa lililoivamia China. Tsuburaya alitengeneza filamu za propaganda za vita, ikiwemo ya mwaka 1942 iliyosifu shambulio la Pearl Harbor. Mikono iliyojenga meli za kuchezea za ushindi ndiyo iliyokuja kujenga Tokyo ya kubomolewa. Ilibidi tusubiri hadi mwaka 2001, filamu ya Shusuke Kaneko, ndipo Godzilla akaelezwa kuwa amebeba roho za waliouawa katika Vita ya Pasifiki, amerudi kwa sababu Wajapani wamesahau.

Hapo kaka wa michezo atauliza: sasa sisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu yale ya kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Congo, chini ya kampuni ya Kibelgiji. Katanga, ambako mchimbaji akipumzika jioni huongea Kiswahili. Walioitoa ardhini hawakuambiwa inakwenda wapi, na ndani ya filamu zote za Godzilla nilizoziona sijawaona hata kwa sekunde moja. Joka la Tokyo lina mguu mmoja kwetu, ila hakuna aliyetusimulia.

Kwa hiyo naendelea kusema kwamba ni filamu ya vita, tena ni nzuri, na tena ina aibu zake. Nazipenda filamu hizi kwa sababu zilithubutu kulisema msibani jambo lililokuwa halisemeki, kwa kutumia mtu ndani ya mpira. Nazilaumu kwa sababu zilipopata nafasi ya kusema, ziliwasahau wengine. Japani yenyewe haijamaliza mazungumzo haya. Shin Godzilla ya 2016 ilikuja baada ya Fukushima ya 2011 na kuwasuta wakubwa wanaofanya vikao wakati mji unaungua. Godzilla Minus One ya 2023, iliyogharimu chini ya dola milioni 15 kwa maelezo ya mwongozaji wake Takashi Yamazaki, ilirudi kwenye magofu ya 1945, na Machi 2024 ikachukua Oscar ya mazingaombwe ya picha, ya kwanza katika historia yote ya Godzilla. Nakajima hakuwahi kuiona siku hiyo.

Ukitaka kuanza, anza na ya 1954, ya Kijapani, si ile ya Burr. Izime taa. Halafu siku nyingine tafuta Megalon ya 1973, ita watoto wa jirani, na mtu mmoja ashike kipaza sauti.

Deni nimelipa. Jumatatu naenda ofisini na diski mfukoni.